Tofali Moja kwa Siku

Leo ni tarehe kumi na nne Machi, mwaka wa ishirini na saba tangu tuhamishwe mtaani kwetu ili barabara ipanuliwe. Tuliambiwa ni kwa muda mfupi. Jana mkubwa wa idara ya makazi alikuja kutuhutubia katika ukumbi wa shule, nami nilikaa na dada yangu mkubwa, mshonaji, aliyekuja na sanduku lake limejaa. Hotuba naiandika kama ilivyotoka. Ya ukumbini nimeyaweka kwenye mabano.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao, Waheshimiwa Makamu Wenyeviti, Waheshimiwa waliotuma wawakilishi, Waheshimiwa wawakilishi ambao nao hawakuweza kufika, na mimi mwenyewe kwa wadhifa wangu wa Mkurugenzi Mkuu Msaidizi wa Muda, wadau wangu wahamishwa, itifaki imezingatiwa. Nimechelewa saa tatu, na nalisema hili kwa fahari, kwa kuwa mara ya mwisho nilichelewa saa nne, na huko ndiko kujenga tabia: mtu hajirekebishi kwa pupa, bali hujiwekea ahadi ndogo, binafsi, inayopimika. (Makofi kutoka safu ya mbele, walikokaa madereva wake.)

Ndiyo sababu idara yangu, baada ya semina, warsha na ziara ya mafunzo ng'ambo ambayo niliiongoza mwenyewe licha ya baridi ya huko, ilibuni Programu Shirikishi ya Kurudi Nyumbani kwa Ahadi Ndogo Ndogo, ambayo chini yake kila mhamishwa aliombwa jambo moja tu: kila asubuhi, akishapiga mswaki, atie kitu kimoja sandukuni, iwe leso, kiwe kijiko, ili siku ya kurudi ikifika mwili uwe umeshazoea kuondoka, na takwimu zinaonyesha mwitikio wa asilimia mia moja na nne. (Kinyozi wetu wa mtaani, kutoka nyuma: “Hao wanne wa ziada ni wale tuliokwisha kuwazika.” Kicheko.)

Kicheko ni dalili ya uelewa. Tena nimefahamishwa kwamba humu yupo mama mshonaji ambaye tageti yake ameivuka, ametia sandukuni mpaka birika, na chumba alichopanga amekwisha kukirudisha kwa mwenyewe. Mama, simama wakuone. (Dada anasimama. Namvuta gauni: “Dada, kaa.” Hanisikii. “Samahani, mwanangu mheshimiwa,” anasema, “hiyo nyumba yangu, dirisha linatazama wapi? Nataka kujua cherehani nitaiweka upande gani. Macho yangu siku hizi yanataka mwanga wa asubuhi.”)

Swali zuri sana, swali la kimkakati. Dirisha, mama, linatazama mbele, kama idara yangu nzima inavyotazama mbele. (Kinyozi: “Mbele ya nini?”) Mbele kwa ujumla. Sasa, wapo wanaonong'ona kwamba ahadi zote ni za wananchi. Si kweli. Sisi nasi tulijiwekea yetu: tofali moja kwa siku. (Kinyozi: “Miaka yote hii, kila siku tofali? Basi tuna maghorofa, jamani.”) Usinitangulie, ndugu yangu. Wataalamu wa tabia wanaonya kwamba anayeanza na kubwa huchoka njiani, kwa hiyo hatukuanza na kulifyatua tofali, wala kulinunua. Tulianza na kulifikiria. Kila asubuhi, baada ya chai, mimi na wenzangu hulifikiria tofali hilo kwa dakika nzima, kimya, simu zimezimwa, na natembea kifua mbele kwa kuwa hatujaruka hata siku moja ya kazi. (Hata madereva wanatazamana.)

Basi tuseme sote. Ahadi ndogo! (Kinyozi: “Nyumba ndogo zaidi.”) Sanduku tayari! Kwa namna ya pekee namshukuru mama mshonaji kwa suala la dirisha, ambalo nitalifikisha kwa mchora ramani, tukimpata, naye ataliweka ukutani, ukuta ukijengwa, katika kiwanja kitakachotafutwa na kamati ya kutafuta kiwanja, ikishaundwa. Asanteni kwa kunisikiliza, na msiache kupiga mswaki.

Dada alibaki amesimama mpaka gari la mkubwa likaondoka. Nilimbebea sanduku, lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Tulipokaribia kwangu akaniuliza, “Mdogo wangu, kwako kuna birika? Langu liko chini kabisa.”

Nikamwambia lipo.

Leo asubuhi tumekwenda kuichukua cherehani yake kwenye kile chumba alichokirudisha. Nimeondoa meza yangu ya kusomea dirishani, tukaiweka pale, kwenye mwanga. Anapindia mapazia ya chumba hiki sasa hivi, ninapoandika. Mimi mtaani kwetu sitarudi.