Azimio la Kumwondoa Dereva Mbovu

Halmashauri ya Navukalou, hapa Fiji, inautangazia umma kwa fahari kwamba kompyuta yake ya tahadhari ya vimbunga haikuharibika. Ilikuwa ikiwaka, ikifika kwenye nembo, ikigeuka buluu, ikizimika na kuanza upya, kutwa nzima. Watumishi wenye bidii kama hiyo ni wachache. Mimi ni katibu wa Kamati ya Halmashauri, niliyaona hayo yote.

Kimbunga kilikuwa umbali wa siku mbili kutufikia, na vijiji kumi na vitatu vya pwani vilisubiri ujumbe wetu. Mkurugenzi, Ratu Vilikesa, akamwita fundi, Bi Ulamila. Fundi akaitazama mashine kidogo tu.

"Tatizo ni dereva, mzee. Ni mbovu. Aondolewe, itawaka."

Mkurugenzi hakulaza damu. Mchana uleule Setareki, aliyeendesha gari la ofisi miaka kumi na tisa, akapewa barua ya kusimamishwa kazi. Aliisoma mara mbili, akauliza ni lini aliigusa kompyuta. Tukamjulisha kwamba swali lake litapelekwa Kamati Ndogo. Akaweka funguo mezani, akaondoka kwa miguu.

Kompyuta ikabaki buluu. Tukatambua kuwa ubovu una mizizi. Kamati ikaketi, ikamaliza mabakuli manne ya kava, kinywaji chetu cha vikao, ikaazimia kwamba yeyote aliyemleta dereva mbovu ofisini naye aondoke. Mkurugenzi akatia sahihi.

Bi Ulamila alipoyasikia hayo alirudi ofisini. "Mzee," akasema, "dereva ninayemsema mimi hana leseni wala miguu. Ni kijiprogramu cha kuunganisha kifaa na kompyuta."

Akaiwasha mashine kwa hali salama, ile inayobeba mambo ya lazima tu, akakifuta. Ikawaka. Ujumbe ukaenda, na watu wa pwani wakaanza kupanda mlimani na mikeka yao.

Kwa ajili ya kumbukumbu, nikamwomba fundi asome nani alikiingiza. Mashine ikataja: Ijumaa, saa za kazi, Mkurugenzi mwenyewe. Kilikuwa cha usukani wa kuchezea mbio za magari kwenye kompyuta.

Azimio ni azimio. Nikaandika barua mbili, moja ya kumfukuza Ratu Vilikesa, nyingine ya kumrudisha Setareki, na hiyo ya pili nikampelekea mwenyewe pamoja na funguo. Alikwenda moja kwa moja pwani kubeba wazee.

Mvua ilipoanza alimkuta Ratu Vilikesa kando ya barabara, amelowa chapachapa. Akasimamisha gari.

"Panda nyuma, mzee. Mbele amekaa bibi. Na huyo nguruwe wake mpakate, anaogopa kona."