Leseni ya Kutuma Kopa

Mtu akikwambia Nawfal alikuwa mwizi, mkatalie. Mwizi hutoka jasho. Nawfal alinyoosha kola tu, akajipulizia manukato, na watu wakambebea mali zao wenyewe hadi mlangoni, tena wakaaga kwa shukrani.

Siku aliyoingia Irbid, mji wa kaskazini mwa Yordani, alikuwa kwa kinyozi, povu shavuni, akamsikia mzee mmoja kwenye kiti cha pili akilalama. Mzee huyo, Abu Ghassub, alikuwa amempa pole mjane wa imamu kwenye kundi la simu la mtaa. Kidole kikateleza, badala ya uso unaolia akatuma kopa jekundu. Mtaa mzima ukaliona. Mkewe akahamia kwa dada yake.

"Simu hii itanizika!"

"Ami, pole sana," akasema Nawfal. "Ndiyo hasara ya kutuma bila leseni."

"Leseni ipi?"

"Allah! Irbid hamjaambiwa?"

Zeituni zilikuwa zimeshakamuliwa na kila jiko lina madebe ya mafuta. Nawfal ana macho. Akakodi duka tupu jirani na tanuri la mikate, akabandika tangazo: Chuo cha Mawasiliano ya Kisasa, ada hulipwa kwa mafuta. Leseni ya kopa, debe zima. Waridi, nusu debe. Uso unaolia alitoa bure, maana hata utapeli una utu wake.

Ili wasimshtukie, ilibidi awafundishe kweli vitu viwili vitatu: kuandika ujumbe, kutuma picha, kuweka ramani ya mahali, kusambaza habari kundi hadi kundi. Na alifundisha vizuri, maskini. Wazee waliokuwa wakishika simu kama wameshika nge sasa wakawa wanatakiana asubuhi njema mpaka chaji inakata. Abu Ghassub ndiye aliyepitiliza. Alilipa madebe matatu apewe uwakala wa waridi, awauzie majirani kwa faida.

Umm Dirar, mjane wa nyumba ya pembeni, hakutaka biashara. Binti yake Rawand alikuwa amejifungua huko Uswidi, kila siku anaweka picha za mtoto kwenye kundi la ukoo, na bibi mtu anajibu kwa dole gumba, ndilo pekee alilolijua. Rawand akanuna.

"Mama, nimezaa! Unanigongea dole kama mkaguzi wa mita ya maji?"

Umm Dirar akalia. Kisha akapeleka chuoni madebe yake mawili, mafuta yake yote ya mwaka. Mawili, kwa sababu mwalimu alisema mama na mtoto hawatumii leseni moja.

Akatuma makopa. Rawand akapiga simu ya video papo hapo, meno nje kwa furaha, mpaka aliposikia habari ya leseni.

"Mama! Kopa ni bure! Hata paka akikanyaga simu linakwenda!"

Umm Dirar akageuka kuangalia kona ya jiko. Tupu. Baridi ndiyo hiyo inakuja, atakaangia nini, machozi? Hasira zikampanda hadi masikioni. Lakini akienda kufoka atampa yule mtu nafasi ya kuongea, na Nawfal akishaongea, unatoka umelipa debe lingine.

Akaenda chuoni kimya, akapiga picha ya madebe yaliyopangwa hadi dari, akarudi nyumbani kuandika: "Majirani, Ustadhi Nawfal anagawa mafuta yote haya, sadaka kwa roho ya marehemu mama yake. Leo baada ya alasiri. Njooni na vyombo." Akaweka ramani. Akasambaza, na wanafunzi wenzake wakasambaza.

Alasiri Nawfal alikuwa na pikapu ya kukodi, anapakia akimbilie Amman. Hata debe la kwanza hajalifikisha, akakumbatiwa kwa nyuma.

"Mungu amrehemu mama yako, mwanangu!" Ni Abu Ghassub, machozi na ndoo. Nyuma yake mtaa umejaa masufuria, mitungi, na mmoja kaja na beseni la kuogeshea mtoto.

"Mama yangu yu hai!"

"Yu hai mioyoni mwetu," wakaitikia.

"Nasema mzima! Yuko nyumbani kwake Ajlun!"

"Majonzi hayo," mwoka mikate akanong'ona. "Mpeni maji."

Wakampa maji, wakamkalisha juu ya debe, wakamwombea dua. Afanyeje? Akikana sadaka, ataulizwa alikuwa anayapakia kwenda wapi. Akasema amina. Umm Dirar, wa kwanza kwenye foleni, akapakia madebe yake mawili kwenye mkokoteni.

"Mungu akulipe, mwalimu," akamwambia bila kupepesa. "Somo limeniingia."

Jua linakwenda kuzama, duka limebaki sakafu, na lile debe moja alilokalia.

Teksi ikasimama. Akashuka bibi mnene wa gauni jeusi la tarizi, simu mkononi. Ujumbe ulikuwa umezunguka makundi mpaka Ajlun.

"Nawfal! Nimekufa saa ngapi?"

Watu wakageuka, vyombo mikononi. Nawfal akanyoosha kola, kwa mazoea tu.

Mama mtu akaangalia duka, akaangalia vyombo vilivyojaa, akamwangalia mwanawe. Alimzaa mwenyewe, hakuhitaji kuelezwa.

"Inuka," akasema. "Umekalia fungu la marehemu."