Kuhusu Helmeti ya Susana Kuvuliwa Majini

Bonface Maroa,
Mwenyekiti wa Usalama,
Steji ya Boda Boda, Masara,
Kaunti ya Migori.

Kwa Msimamizi,
Kliniki ya Watoto ya Nuru Njema,
Homa Bay.

Mheshimiwa Msimamizi,

KUH: AMRI YA KUMVUA MTOTO HELMETI ANAPOINGIA MAJINI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na wauguzi wako wote. Sisi huku Masara hatujambo, isipokuwa kwa jambo hili ninalokuandikia, ambalo limeninyima raha nyumbani na sasa limeanza kuniharibia kazi.

Mimi ni baba yake Susana, yule mtoto wa miezi minane mliyemvalisha helmeti ya samawati. Kisogo chake kilikuwa bapa upande wa kulia, kama mkate uliokaliwa na abiria, kwa sababu tangu azaliwe alipenda kulala akiangalia mlango. Mlitueleza kwamba fuvu la mtoto bado ni laini, na kwamba helmeti hiyo inaacha nafasi upande ule bapa ili kichwa kijijaze chenyewe. Kwa hilo ninawashukuru kwa dhati. Kichwa kinaendelea vizuri. Malalamiko yangu hayahusu kichwa. Yanahusu maji.

Naomba kuyapanga kwa nambari, kama tunavyofanya kwenye kamati.

1. Muuguzi wenu, Sista Marion, alimwambia mke wangu Bathsheba mbele yangu: "Mama Susana, anavaa mchana na usiku. Unamvua akienda kuoga tu, au mkimpeleka kuogelea. Sponji ya ndani ikilowa, ngozi itachubuka, tena kichwa kitakuwa kizito." Mheshimiwa, kofia za kazi ninazijua. Mwendesha boda huvaa yake barabarani. Mchimba dhahabu wa hapa kwetu huvaa yake akishuka shimoni. Fundi huvaa yake akiwa juu ya ghorofa. Sijawahi kuona mtu akivaa helmeti kitandani, amelala fofofo, halafu anaivua anapokabiliana na hatari. Ni kama kuajiri mlinzi wa geti ambaye wezi wakitokea anaomba ruhusa akanywe chai.

2. Nilimuuliza Sista jambo hilo kwa heshima. Akanijibu, "Baba Susana, hii si ya kumkinga na kitu chochote. Ni ya kuelekeza kichwa, kama kile kijiti unachosimikia nyanya." Nilirudi nyumbani nikitafakari. Kama si ya kukinga, kwa nini inaitwa helmeti? Na kama ni kijiti cha nyanya, kwa nini ina mkanda wa kidevuni? Maswali haya hayajajibiwa mpaka leo.

3. Amri yenu imevuruga nidhamu ya steji. Wiki moja baada ya Susana kuvalishwa, nilimkamata kijana wetu Mogire akiendesha pikipiki kichwa wazi, amebeba mama mmoja na gunia la mahindi. Nilipomuuliza helmeti iko wapi, alinitazama usoni bila aibu akasema, "Mwenyekiti, nimetoka kuoga." Tangu siku hiyo kila mwanachama ninayemsimamisha ametoka kuoga. Sijawahi kuongoza watu wasafi kiasi hiki. Na siwezi kuwaadhibu, kwa sababu wote wamemwona binti yangu mwenyewe akipitishwa uani kichwa wazi, akielekea kwenye beseni.

4. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, la Sori.

Dada yake mke wangu, anayeitwa Edith, ameolewa Sori, karibu kabisa na ziwa. Tulimtembelea Jumapili, na ilikuwa siku ya joto. Edith akasema mtoto aonjeshwe maji, azoee mapema. Bathsheba akaanza kufungua mkanda wa helmeti. Nikamzuia. Nikamwambia, "Mama Susana, mwenyekiti wa usalama haonekani hadharani na mtu aliyevuliwa helmeti." Akanijibu, "Huyu si abiria wako. Huyu ni mtoto." Kisha akaenda ndani na dada yake kutafuta taulo, akaniachia Susana na maagizo.

Nilitumia busara yangu. Nilifunga mkanda vizuri, nikaingia naye majini mpaka magotini, nikamkalisha huku nimemshika kwapani. Mheshimiwa, ungemwona! Alikuwa akipigapiga maji kwa viganja na kucheka. Watu wa ufuoni walitazama. Osoro, mnunuzi wa dagaa wa omena tunayefahamiana, akapaza sauti, "Mwenyekiti, huyo amekuja na pikipiki yake?" Watu wakacheka. Sikuweza kuliacha jambo hilo lipite. Niligeuka kumweleza Osoro utaalamu wa helmeti, na kwa kuwa mimi huongea kwa mikono, mkono mmoja ulinisaidia kueleza.

Nilikuwa nimefika pale kwenye nyanya niliposikia maji yakirushwa. Mke wangu alinipita mbio, gauni na viatu vikiwa mwilini, akamnyakua mtoto. Inadaiwa kwamba uso wa Susana ulikuwa ndani ya maji. Mimi sikusikia chochote. Mtoto hakulia, hakukohoa, hakurusha miguu. Kama kweli alikuwa hatarini, kwa nini hakupiga kelele? Kukohoa alikohoa baadaye, mabegani mwa mama yake. Maji yalimtoka puani, ndipo akalia sana. Edith alisema helmeti ndiyo iliyomwinamisha, imejaa maji kama mtungi. Nina heshima kwa shemeji yangu, lakini Edith huuza mitumba.

Kutoka Sori mpaka Masara Bathsheba alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili. Tulipofika nyumbani, ndipo aliposema.

5. Kutokana na tukio hilo, nyumba yangu sasa inaongozwa kwa sheria ambazo sikushirikishwa kuzitunga. Beseni likishatumika humwagwa papo hapo, hata kama maji bado ni mazuri. Ndoo zote zina vifuniko. Mtu akimshika mtoto karibu na maji haruhusiwi kusalimiwa, wala kupokea simu, wala kuulizwa chochote, na mkono wake hauondoki mwilini mwa mtoto hata kwa kujikuna. Lile shimo la zamani la dhahabu nyuma ya nyumba, lililojaa maji tangu masika, nimelazimishwa kulizungushia uzio mimi mwenyewe, siku yangu ya mapumziko. Juzi simu yangu ililia wakati Susana anaogeshwa. Nilipokea, kwa sababu ni watu wa steji walionipigia. Mke wangu alinitazama tu. Mheshimiwa, nimewahi kutazamwa na polisi, lakini si hivyo.

6. Kwa sababu hizo zote, na kwa niaba ya kamati, naomba yafuatayo:

Kwanza, iwe lazima kwa mtoto yeyote mwenye helmeti kuingia majini akiwa ameivaa, na mkanda uwe umefungwa.

Pili, ili watoto hao wasijione wametengwa, kila mtu anayeingia ziwani kuanzia Sori hadi Homa Bay avae helmeti. Hii ni pamoja na wavuvi, waogeleaji, wanawake wanaofua, na wanaobatizwa. Nimeshazungumza na mchungaji wa mke wangu, ambaye ni Msabato. Alinijibu kwamba Yohana hakuwa na helmeti pale Yordani. Nilimweleza kwamba wakati huo hakukuwa na kamati.

Tatu, viboko wasamehewe sharti hili kwa sasa, mpaka utafiti ufanywe kuhusu saizi.

Nne, kama haya hayawezekani, basi ziwa lenyewe liwekewe kibao kinachoeleza kwamba limekataa helmeti, ili lawama iende inakostahili.

Ninaamini utalishughulikia jambo hili kwa uzito wake. Nisalimie Sista Marion, ambaye sina ugomvi naye. Nisalimie yule mama wa mapokezi aliyemtengenezea Susana uji, na askari wa getini, na daktari mwenye miwani, na watoto wote wenye helmeti pamoja na wale wanaosubiri zao. Mke wangu angewasalimu, lakini hajui kwamba nimeandika.

Wako katika ujenzi wa taifa salama,

Bonface Maroa
Mwenyekiti

Nakala: Chifu, Mchungaji, Faili ya Steji.

Nyongeza baada ya sahihi: Kamati ilipitisha kwamba barua hii iambatanishwe na picha ya ushahidi. Kwa hiyo jana tulikwenda Sori. Makamu wangu, Nchagwa, ambaye amelelewa kando ya mto na anaogelea vizuri kuliko mimi, alijitolea kuingia ziwani na helmeti yake ya kazi. Mogire alishika simu apige picha. Nchagwa alitembea mpaka maji yakafika kifuani, akatupungia mkono, akajitupa kuogelea.

Helmeti ilijaa. Kichwa kilishuka, miguu ikabaki juu. Sisi tulikuwa tunacheka, Mheshimiwa. Mogire aliendelea kupiga picha, mimi nikamwambia apige nyingi. Tulidhani anafanya madoido. Hakuita, hakupiga kelele, hakukuwa na sauti yoyote. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliinua macho akaniambia, "Omera, ndugu yangu, huyo hachezi," akarukia majini na kisu, akakata mkanda.

Nchagwa ni mzima, yuko kwake, anakunywa uji. Anasema alitaka kuniita lakini mdomo haukuwa na nafasi ya jina langu. Mimi nilikaa mchangani. Nchagwa ni mtu mzima, ana kifua kama cha fahali. Susana ana miezi minane, na mimi nilimshika kwa mkono mmoja, nikageuka kuongea.

Ningeichana barua hii, lakini katibu ameshaipiga mhuri na chifu ameshapokea nakala yake. Kwa hiyo naomba uisome hivi: katika ombi la kwanza, penye "lazima" weka "marufuku". Ombi la pili, la tatu na la nne yafutwe. Hoja ya tano ibaki kama ilivyo, ila isiitwe malalamiko.

Jana jioni nilimweleza Bathsheba kila kitu. Aliniuliza kama Nchagwa amekula.

Wiki ijayo tunamleta Susana kupimwa kichwa. Tafadhali muulize Sista Marion kama anaweza kunifundisha namna ya kumshika mtoto majini. Nitakuja na mikono yote miwili, na simu nitaiacha stejini.