Hatua Elfu Arobaini kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi
Kikundi chetu cha matembezi ya Jumamosi kinatafuta kiongozi wa mwaka. Utaratibu ni huu: atakayepiga hatua nyingi wiki hii, simu ikiwa shahidi, ataongoza mzunguko wa kilometa ishirini na mbili pembezoni mwa jiji. Akiumaliza, kipenga cha kiongozi ni chake. Nakitaka kipenga kile! Miaka kumi na tisa niko stoo ya vipuri, sijawahi kufuatwa na mtu hata mmoja. Inaniuma. Mpinzani wangu ni nesi mstaafu, anayetembea kama anawahi wodini. Leo ana hatua elfu kumi na nne. Mimi elfu mbili na ushee, pamoja na za chooni.

Jumanne, 4 Machi
Ubongo umechemka! Mama watoto ni fundi nguo, na cherehani yake ni ya kukanyaga. Ana oda ya sare mia mbili za shule. Nikamfunga simu yangu kwenye kifundo cha mguu kwa lastiki, nikamwambia daktari kasema inasaidia mzunguko wa damu. Akanitazama sana. Akasema sawa, ila nisimsemeshe, ana kola za kushona. Nikaenda kazini kukaa. Jioni: hatua 38,214!

Alhamisi, 6 Machi
Leo 41,060. Kwenye kundi la simu wananiita Bwana Miguu. Nesi kaandika kwamba katika utumishi wake wote hajaona kitambi cha namna hii kikitembea kiasi hicho, na kesho angependa kuziona soli za raba zangu. Wivu mtupu! Raba zenyewe bado zina kibandiko cha bei. Nikajifungia bafuni, nikazisugua kwenye saruji mpaka nikachubuka vidole. Mama watoto akauliza mlangoni kama tumbo limenichafuka. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshinda! Nesi alizigeuza raba, akazinusa, akanirudishia. Kesho naongoza watu ishirini na sita. Nimefanya mazoezi ya kunyoosha mkono mbele ya kioo: kushoto, kulia, simama. Machozi yalinilenga, na sioni haya kuyaandika.

Jumamosi, 8 Machi
Hesabu ya wiki mpya inaanza leo, nami sikutaka kupoteza hata hatua moja. Nikamwachia mama watoto simu mguuni. Yeye ana kasi kuliko mimi.

Kilometa ya nne, nyuma ya kituo cha pampu za maji, miguu ikagoma. Nikawaambia wenzangu tusimame tuyatazame mabomba, yana historia ndefu. Wakayatazama dakika ishirini. Kumbe nesi, mchokozi yule, tangu asubuhi alikuwa akinipigia simu kutoka nyuma ya msafara, eti anauliza njia! Simu ikalia na kulia mguuni kwa mama watoto, mpaka uvumilivu ukamshinda. Akainama akapokea, akaambiwa njia tuliyopita, akatufuata. Kilometa nne nzima, kwa kandambili, bila hata tone la jasho. Akainua pindo la gauni mbele ya halaiki, akasema, "Baba, huyo daktari wako hajawahi kushona. Hebu nifungue!"

Nesi akacheka mpaka akakaa chini barabarani. Wakakubaliana wote kwamba hatua ni za mama watoto, basi na kipenga ni chake. Akakataa mara mbili. Ya tatu akakivaa. Akawaongoza kilometa kumi na nane zilizobaki, wakimfuata kama vifaranga. Mimi nilibaki na mabomba.

Jumapili, 9 Machi
Mama watoto ametoka na nesi kukagua njia ya wiki ijayo. Kaniachia kola sitini na sindano.

Nimetafakari kwa kina na kosa langu nimeliona: nilichagua kikundi kibaya. Wale wana macho mno. Nimesikia kuna chama cha waogeleaji wa asubuhi na hakina mwenyekiti. Nimeshaandika barua ya kuomba nafasi hiyo, nikataja uzoefu wa miaka kumi na tano. Kuogelea kwenyewe nitajifunza nikishachaguliwa.