Habari za Gelasius wa Kibaoni na Vita Vyake na Vivuli

Nyamazeni, enyi watu wa Mpimbwe! Na nyie mlioshuka kwenye lori la Mpanda, vumbi lingali kwenye kope, nyamazeni pia. Acheni kutafuna karanga. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, maana habari hii haisikilizwi mguu mmoja ukiwa nje. Ninawasimulia Gelasius mwana wa Isidori, simba wa kamera ya sanduku, bwana wa chumba cha giza, ambaye katika miaka ile ya sabini, watu walipokuwa wamehamishiwa vijijini na bado wanagombania mipaka, alitwaa wembe mkononi akaenda kuwaunganisha kwa karatasi ndugu wawili ambao padri alikuwa amewashindwa, na katibu wa tawi amewashindwa, na shangazi zao wote wamewashindwa.

Shujaa huyu alikuwa na kibanda cha picha hapo sokoni Kibaoni, na hapo mwanzo alikuwa mpiga picha kama wengine: simama, usicheke, tayari. Kisha akaenda Mpanda kununua dawa za kusafishia picha, akakutana na Mzungu mmoja wa migodini aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, akapewa bure vitabu viwili. Kitabu cha kwanza kilifundisha mambo ya kawaida, na Gelasius alikidharau siku hiyohiyo. Lakini cha pili, enyi watu, cha pili! Humo mtu alikaa ndani ya chupa. Kichwa kilipumzika juu ya sinia, kikitabasamu. Mtu mmoja alikunywa chai na nafsi yake mwenyewe. Kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza cha Gelasius kiliishia darasa la nane, na hata huko hakikufika kikiwa na afya. Basi maneno yalipomshinda alisoma picha, na picha zilipomshinda alisonga mbele hivyohivyo, kwa kuwa mashujaa hawarudi nyuma.

Mtu wa kwanza kutiwa ndani ya chupa alikuwa mkewe, Josefina. Alitokea kichwa kikiwa ndani na mwili wote ukiwa nje. Akaitazama picha ile kwa muda mrefu.

"Baba Antoni," akasema, "hiki kitabu kimekufundisha, au kimekuloga?"

"Mwanamke," akanena Gelasius, akiinua wembe juu, "elimu haishuki siku moja. Watu wa vizazi vijavyo watauliza nani alianza, nao wataambiwa jina langu!"

"Wataambiwa na jina la uji wangu pia? Maana umeumaliza kwa kubandikia makaratasi."

Ni kweli. Gundi ilikuwa imeadimika madukani, na shujaa alibandika kwa uji wa muhogo.

Hapo ndipo akaja Romana, mama yao Kasimiri na Bartolomeo, akipapasa nguzo za kibanda. Nchi nzima ilijua ugomvi wa wanawe. Kasimiri, yule mkubwa, alisema mdogo wake alitoboa tuta la jaruba lake akamwibia maji ya mpunga. Bartolomeo alisema ni panya. Tangu msimu ule mmoja akikaa kanisani karibu na altare, mwingine anakaa karibu na mlango, na hakuna aliyemsalimu mwenzake, hata kwenye msiba.

"Mwanangu Gelasi," akasema Romana, "jicho langu la kushoto limeshaziba, na la kulia linaniaga. Sitaki mengi. Nataka niwaone wanangu wamesimama pamoja kabla halijafunga. Wenyewe hawataki. Nasikia wewe una kitabu."

Nawaambieni ukweli, moyo wa Gelasius uliuma, kwa sababu mama yule hakulia. Lakini mdomo wa shujaa ulikuwa umeshafunguka.

"Mama Kasimiri! Umefika kwa mwanamume ambaye siri za nuru zimelala mikononi mwake! Walete wanao, mmoja mmoja, kila mtu kwa saa aitakayo. Nami nitawakata, nitawabandika, nitawasimamisha bega kwa bega, na asiwepo mtu chini ya mbingu hii atakayejua kwamba hawakusimama!"

"Haya baba. Ila usichelewe."

Mama akamwambia kila mwana kwamba anataka picha yake ya ukumbusho. Kasimiri akaja asubuhi, jembe begani, akapigwa mbele ya ukuta wa kibanda. Bartolomeo, akiogopa kukutana naye, akangoja hadi jioni, watu wanaporudi kutoka mashambani, naye akapigwa mbele ya ukuta uleule. Kisha Gelasius akajifungia.

Ni ulimi gani utakaosimulia vita vile? Wembe ulipita kwenye sikio la Bartolomeo, ukapita kwenye kwapa, ukashuka mguuni. Kitabu kilikuwa na mchoro mmoja ambao shujaa aliuelewa barabara: mtu aliyekatwa bila kivuli chake anaonekana anaelea. Ahaa! Gelasius hakukubali kuelea. Akakikata na kivuli chenyewe, chote, hadi ncha ya kofia, kazi ambayo mkono mwingine wowote hapo Kibaoni usingeithubutu. Akabandika kwa uji. Sisimizi wakaja kwa majeshi wakala kola ya Bartolomeo na sehemu ya shavu. Akaanza upya, miguu ya meza ikiwa ndani ya makopo ya mafuta ya taa, na adui wakafia kwenye handaki. Mwishowe akaweka karatasi ile mbele ya kamera, akaipiga tena, na tazama: Kasimiri na Bartolomeo, bega kwa bega, hata alama ya wembe huioni!

Siku ya gulio Romana akaja. Watu wakajaa. Gelasius akamkabidhi picha kwa mikono miwili, na mama akaisogeza hadi ikakaribia kugusa jicho lake zima. Akazitazama nyuso. Akatabasamu, na shujaa akajua jina lake limeshapanda. Kisha jicho likashuka miguuni, na tabasamu likafa.

"Huyu alisimama asubuhi," akasema Romana. "Na huyu jioni."

"Mama, umejuaje?"

"Nimelima mpunga maisha yangu yote bila saa, nisijue kivuli cha asubuhi kinalala wapi? Cha Kasimiri kimelala huku, cha Bartolomeo kimelala kule. Hata vivuli vyao vimenuniana." Akamrudishia picha taratibu. "Basi, baba. Umejitahidi."

Soko zima likaangua kicheko. Watu wakainama kutazama vivuli vyao wenyewe, wakacheka tena. Lakini Gelasius hakusikia kicheko. Alimwona mama yule akitafuta nguzo kwa mkono ili aondoke, na kwa mara ya kwanza tangu avipate vile vitabu akauweka wembe chini.

Habari sokoni haitembei, inakimbia. Kasimiri akaisikia akiwa kwenye mpunga, Bartolomeo akaisikia akiwa kwenye meza za samaki, na wote wawili wakafika kibandani wakifoka.

"Nani amekuruhusu kunibandika na mwizi wa maji?"

"Na mimi nani amekuruhusu kunibandika na mtu anayeona panya akasema ni ndugu yake?"

"Chana hiyo picha!"

"Ichane sasa hivi!"

Wakasimama mbele ya ukuta, wamemkodolea macho Gelasius, kwa mara ya kwanza wakiwa na adui mmoja. Ndipo Romana, aliyekuwa bado anapapasa njia kati ya wauza vitunguu, akageuka. Akaingia katikati yao, akashika shati la huyu kwa mkono huu na shati la yule kwa mkono ule.

"Nyie watoto," akasema, "simameni hapo hapo."

Wakasimama. Wanaume wenye ndevu, wenye wake na watoto, wakasimama. Na Gelasius, pasipo wembe, pasipo uji, akaruka nyuma ya sanduku lake.

"Msitikisike!"

Picha ikatoka. Nyuso zimekunjamana, mama yuko katikati, na vivuli vitatu vimelala upande mmoja. Romana aliitazama hadi watu wakachoka kungoja. Akaifunga kwenye khanga yake, akalia hapo hapo, mbele ya wauza vitunguu.

Lakini nani aliamini? Walioikuta baadaye ukutani kwa Romana walishika vichwa. "Hawa wawili? Pamoja? Gelasius ni mchawi wa picha!" Na ndugu wenyewe, kwa kuona haya, waliapa: "Mimi nisimame na yule? Ni ufundi wa vitabu." Hivyo umaarufu ukafika Mpanda, ukafika Ugalla, na shujaa akasifiwa kwa picha ile moja ambayo hakuikata popote.

Je, alikanusha? Hakukanusha! Alifuta ukuta akaandika kwa rangi nyekundu: GELASIUS, MUUNGANISHAJI. Wakamjia watu walionuniana, waume na wake, wakwe, majirani wa mpakani, kila mmoja akitaka abandikwe na mwenzake bila kumwona. Naye Gelasius alikuwa ameyaona yote yale yaliyotokea mbele ya ukuta ule, akawa na jibu lake. Aliinua kitabu cha pili juu, akakifunua popote, akanena kwa sauti nzito:

"Kitabu kimesema: ufundi huu haufanyi kazi mpaka mje wote wawili kwa wakati mmoja."

Nao wakaja.