Daftari la Kumlea Mjomba

Jumatatu, 4 Agosti
Dada amechoka kutafuta mtu wa kukaa na wanawe wakitoka shule, saa tisa mpaka kumi na mbili, na kutwa likizo ikianza wiki ijayo. Binti ana miaka kumi na mitatu, mdogo wake kumi na mmoja. Wamezidi umri wa yaya, hawajafika umri wa kuachiwa jiko la gesi. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara amejitolea, mradi apewe chumba cha uani aweke mashine zake. Chumba cha uani ni changu! Nimekaa humo kwa muda tu, miaka sita. Nikamwambia dada ana mlezi hapohapo mezani, tena aliyelea chui mpaka akajua kuamkia wakubwa. Alicheka mpaka machozi. Kanipa siku nne za majaribio.

Jumanne, 5 Agosti
Nimebuni daftari la mahudhurio. Mistari ya rula kabisa. Kila saa watoto waandike kama nipo, dada ajionee. Fundi hana kichwa cha kubuni kitu hiki. Binti kauliza kama waandike ukweli. Nikasema ukweli mtupu, sina cha kuficha.

Jumatano, 6 Agosti
Somo la mapishi. Niliwahi kuwapikia wanajeshi mia nne kwa sufuria moja, wali ni nini? Nikaubandika, nikaegemea kochi kidogo. Kushtuka, gesi imezimwa, sufuria imelowekwa, hesabu zimekwisha, nami nimefunikwa shuka. Siku mbili tu za malezi yangu, na watoto wameshakuwa hivi.

Alhamisi, 7 Agosti
Fundi kapita, futi shingoni, eti kutusalimia. Kamfundisha binti kutia zipu kwenye mkoba. Watoto wakamganda. Uchochezi mtupu. Nikawarudisha kwa habari za chui. Mdogo akasema juzi alikuwa mmoja, mbona leo wawili. Nikamwambia alizaa.

Ijumaa, 8 Agosti
Dada kasoma daftari kwa sauti, fundi yupo. Saa tisa, Mjomba yupo. Saa kumi, Mjomba yupo ila amelala. Saa kumi na moja, tumezima gesi, tumemfunika Mjomba. Fundi akaangalia dari. Binti, Mungu ambariki, akanitetea: "Mama, Mjomba hana matatizo. Ila tukiwa na mitihani hatutaweza kumwangalia vizuri."

Jumatatu, 11 Agosti
Likizo imeanza. Mashine mbili zimeingia chumbani, kitanda changu kimesukumwa ukutani. Dada kaniruhusu nibaki, kwa sharti kwamba mchana fundi ajue nilipo. Fundi kalipenda daftari langu, analitumia. Kila saa anaita majina matatu, langu la kwanza. Kiranja ni nani hapo? Lakini yeye nani anamsimamia? Nimeshapiga mistari ya daftari lake. Watoto wakauliza kama na humo waandike ukweli. Nikasema ukweli mtupu, nikaenda kuegemea kidogo.