Mwandishi Aliyerudi na Hisia Mchanganyiko

Serikali ilitangaza, kwa furaha kubwa na spika mbovu, kwamba kuanzia sasa kila raia atokaye ng'ambo atarudi na hisia moja tu kuhusu nchi aliyoitembelea: nzuri au mbaya. Hisia mchanganyiko zilikuwa zinawachosha wananchi. Ikaundwa Kurugenzi ya Uoanishaji wa Hisia za Wasafiri, ikapewa chumba uwanja wa ndege, feni moja, makarani wawili na Mkurugenzi.

Wa kwanza kunaswa alikuwa mwandishi mmoja, mama mtu mzima mwenye ulimi usio na breki.

"Karibu nyumbani, mama. Nchi ya watu umeionaje?"

"Nzuri. Ila mbaya."

Mkurugenzi akavua miwani. "Chagua, mama."

"Nichague nini, mwanangu? Barabara zao utadhani zimepigwa pasi. Lakini nimepanda lifti na jirani mwezi mzima, nikimsalimia anaangalia viatu. Nimekwenda hospitali na jino bovu, daktari ndiye ananisubiri mimi! Nikatoka shavu limevimba, hakuna hata mmoja wa kuniambia pole. Nililia barabarani. Si jino, ni hiyo pole."

"Pasipoti inabaki hapa mpaka hisia zako zitengamae."

Nje, dada yake aliyekuja kumpokea alikuwa akigombana na askari mlangoni, sauti inapasua vioo. Mwandishi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atue.

Mkurugenzi alikohoa. "Hebu... daktari anakusubiri wewe?"

"Kakaa, kakunja mikono."

"Na umeme ukikatika, huchukua muda gani kurudi?"

"Sijui. Sikuuona ukikatika."

Makarani wakasogeza viti.

Kwa maslahi ya taifa, Mkurugenzi akasafiri kwenda kuhakiki. Hakurudi. Alipopigiwa simu alisema uhakiki umefikia hatua nyeti. Akatumwa Katibu Mkuu kumrudisha. Naye akafikia hatua nyeti. Ikaundwa kamati ya ufuatiliaji, ikaondoka na wake, watoto na magodoro.

Katika serikali nzima akabaki Waziri mmoja tu, peke yake wizarani, akijipigia saluti mwenyewe asubuhi. Mwishowe akaenda kwa mwandishi. Akamkuta jikoni na dada yake, wanabishana juu ya chumvi.

"Mama, nakuomba ukatuletee serikali. Wewe ndiye mtu pekee tunayemjua kwamba akienda anarudi."

"Na pasipoti?"

Waziri akaitoa mfukoni, akaifuta vumbi kwa tai.

"Nitakwenda," alisema mwandishi. "Lakini nikirudi nasema yote, matamu na machungu."

"Sema tu, mama." Waziri akashusha sauti. "Hivi huko, waandishi wa habari wanawasumbua mawaziri wageni?"

"Hawawajui hata kwa sura."

Uso wa Waziri ukang'aa kama wa bwana harusi. "Basi tukate tiketi mbili."

Dada mtu akageuka, mwiko mkononi. "Na nchi unamwachia nani?"

Waziri alikuwa keshaweka funguo za wizara mezani, na keshatoka mbio kutafuta begi. Dada mtu akazipima mkononi, akafunga kanga vizuri, akasema, "Haya. Tuanze kwa kutengeneza hiyo spika yao mbovu."